Ruzuku ya mbolea na pembejeo mkoani Mwanza: maswali yanayorudi kila msimu

Kwa misimu mitatu nimekaa pembeni ya mtendaji wa kijiji chetu wilayani Kwimba, chini ya mkwaju, nikimsaidia kuandikisha wakulima. Yeye hushika kishikwambi, mimi hushika daftari, kwa sababu kishikwambi huishiwa chaji na daftari haliishiwi. Maswali yaliyo hapa chini ni yale tunayoulizwa pale mezani, mengine nimeyasikia gulioni na ndani ya daladala za Ngudu. Mimi si msemaji wa serikali. Bei na tarehe za msimu unaoingia zitazame kwenye tangazo la Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, ambalo unapaswa kulikuta ofisi ya kata na dukani kwa wakala. Usipolikuta, liulizie.

Pesa ya ruzuku inaingia lini kwenye simu yangu?

Hili ndilo swali la kwanza kila siku, na jibu lake huwakera watu: haiingii. Ruzuku ya mbolea hailipwi mkononi wala kwa simu. Imo ndani ya bei. Ukienda kwa wakala ukiwa umeandikishwa, unalipa sehemu yako tu. Sehemu iliyobaki serikali inamlipa msambazaji aliyeleta ile mbolea, baada ya mfumo kuonyesha kwamba mfuko umeuzwa kwa mkulima mwenye namba fulani, ile anayopewa akiandikishwa.

Mpango huu ulianza msimu wa 2022/2023, mwaka ambao bei ya mbolea ilipanda dunia nzima hadi watu wakaanza kuuliza kama mahindi yanaweza kulimwa bila hiyo. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Mbeya siku ya Nane Nane, tarehe 8 Agosti 2022. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, au wa urea, ya kukuzia, ulikuwa umevuka Sh 120,000. Kwa ruzuku ukauzwa Sh 70,000. Sasa piga hesabu mwenyewe. Ekari moja ya mahindi, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia: umelipa Sh 140,000 badala ya 240,000 na ushee. Ile laki moja ndiyo ruzuku yako. Huioni kwa sababu hukuitoa mfukoni.

Kwa hiyo mtu akikupigia simu akasema, "Mzee, ruzuku yako imetoka, tuma elfu kumi ya kuifungulia," huyo ni tapeli. Hata akikutajia jina la kijiji chako na la mwenyekiti wako wa kitongoji. Majina hayo hata mimi nayajua.

Lakini jirani yangu hulipwa fedha taslimu. Mbona mimi sipati?

Jirani yako yumo TASAF. Ule ni mpango wa kunusuru kaya maskini, una orodha yake na mkutano wake wa kijiji, na haujali kama mtu analima au halimi. Mtu anaweza kuwa TASAF na bado akaandikishwa kwenye ruzuku ya mbolea. Kimoja hakifuti kingine. Msimu uliopita mama mmoja alikataa kutaja ekari zake akiogopa kuondolewa TASAF. Tulimwelewesha, akaandikisha ekari moja na nusu.

Zamani tulipewa karatasi. Kwa nini waliziacha?

Zile zilikuwa vocha, kuanzia msimu wa 2008/2009 hadi 2013/2014. Kaya ilipewa tatu kwa ajili ya ekari moja: ya mbegu bora, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei, nusu nyingine mkulima anaongeza mwenyewe.

Ubovu uliingilia kwenye hiyo nusu. Mtu asiye na nusu yake atafanyaje na karatasi? Anaisaini, wakala anamshikisha elfu chache za chumvi na sabuni, karatasi inakwenda juu kana kwamba mbolea imeingia shambani. Kwenye makaratasi kijiji kilikuwa kimejaa mbolea, lakini ukipita mashambani mahindi yalikuwa ya njano. Kwa hiyo mtu anayesema "vocha zilikuwa nzuri zaidi" mimi humuuliza kwanza kama yake aliitumia au aliiuza. Wengi hucheka.

Mfumo wa sasa umeziba tundu hilo kwa kiasi fulani, ila ule ugumu wa mwanzo haujaondoka. Bado unatakiwa kuwa na fedha ya mfuko mkononi mwezi wa kumi na moja, na mwezi huo ndio ghala linakuwa tupu.

Nani anaruhusiwa kuandikishwa?

Mkulima anayelima. Si lazima uwe na hati. Huku kwetu wenye hati ya shamba unaweza kuwahesabu kwa vidole, na uandikishaji ungesubiri hati usingekuwepo. Kinachotakiwa ni kijiji kukutambua: mwenyekiti wa kitongoji anajua shamba liko wapi, jirani anajua mpaka uko wapi.

Shamba la kukodi nalo linaandikishwa kwa jina la anayelima msimu huo, na hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Mwenye shamba ameshaziandika ekari zake zote kumi, kisha amekukodisha nne. Wewe ukija na zako nne, kijiji kinakuwa na ekari kumi na nne juu ya ardhi ya kumi. Njooni wote wawili. Kama hawezi kuja, njoo na karatasi ya makubaliano yenye sahihi yake na ya shahidi mmoja.

Mimi ni mke wa pili, nina shamba langu la mpunga. Naandikwa chini ya jina la mume?

Andikishwa kwa jina lako mwenyewe, mayu, kwa ekari unazolima mwenyewe. Hili nalisisitiza kuliko mengine. Nimeona mara nyingi mume anaandika majaruba yote kwa jina lake, anachukua mifuko yote, na mifuko inaishia kwenye shamba la mahindi la nyumba kubwa. Mwezi wa pili mama anasimama kwenye jaruba lake akitazama mpunga uliodumaa. Mtendaji hana haki ya kukuambia umlete mume kwanza. Anachohitaji ni kitambulisho chako na uhakika kwamba shamba hilo unalilima wewe.

Niende wapi, na niende na nini?

Ofisi ya kijiji au ya mtaa, kwa mtendaji au kwa afisa ugani. Beba namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa (kama kadi haijatoka, namba yenyewe inatosha, na unaweza kuitafuta kwa kupiga *152*00#), simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na hesabu ya ekari zako pamoja na mazao. Uandikishaji ni bure. Hakuna elfu mbili ya fomu, hakuna ya mafuta ya pikipiki.

Kuhusu ekari, nikuombe jambo moja. Huku Usukumani tunasema "heka" tukiwa na maana ya ekari, ile hatua sabini kwa sabini ambayo wazee wetu walipima kwa kamba. Hekta ni kitu kingine, ni karibu ekari mbili na nusu. Kuna mzee wetu aliandikisha ekari kumi na mbili; aliyeandika akazigeuza kuwa hekta tano, karibu sawasawa. Msimu uliofuata mwandikishaji mwingine akaisoma ile tano kama ekari. Mzee akafika kwa wakala na kukuta mgao wake umepungua zaidi ya nusu, akarudi kijijini akitaka kupigana na mimi, ambaye hata sikuwepo. Ukimaliza kuandikishwa, mwambie aliyeandika akusomee tena kwa sauti: jina, namba ya simu, ukubwa wa shamba, na kipimo chake.

Niliandikishwa mwaka juzi. Nirudi tena?

Rudi ukahuishe taarifa. Namba ya mkulima hubaki ile ile, lakini shamba hubadilika: umeuza ekari, umekodi nyingine, mwaka huu dengu badala ya mahindi. Inachukua dakika tano kama hakuna foleni.

Namba yangu haikuja kwenye simu.

Mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: simu iliyoandikwa ni ya mtoto aliyeko Mwanza mjini, au laini ilipotea na hukuirudisha. Namba haijapotea, iko kwenye mfumo. Nenda kwa mtendaji au afisa ugani akutafute kwa NIDA, kisha abadilishe namba ya simu. Ukishaipata, iandike kwenye kitabu kinachokaa nyumbani. Usiibandike ukutani. Nimeona nyumba imebandika namba ya mkulima pembeni ya kalenda, kila mgeni anaisoma.

Nikifika kwa wakala kinafanyika nini?

Unataja namba yako. Wakala anaiingiza kwenye simu yake, anaona jina na kiasi unachostahili, anasoma msimbo uliochapwa kwenye mfuko, unalipa, unabeba. Kabla ya kulipa tazama mambo haya: mfuko umeshonwa kiwandani na uzi haujachezewa, uzito ulioandikwa ndio unaolipia, bei ni ile ya kwenye tangazo. Dai risiti. Wakala akikuambia risiti zimekwisha, mwambie akuandikie kwenye karatasi yenye mhuri wa duka, tarehe na idadi ya mifuko.

Usinunue mbolea ya kupimiwa kwa kopo kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa. Najua sababu ya watu kufanya hivyo, ni hela. Lakini urea iliyokaa wazi hunyonya unyevu wa hewa, na ya kwenye kopo hujui imechanganywa na nini. Afadhali watu wawili mnaoaminiana mchangie mfuko wenu mkagawane nyumbani.

Wakala anasema mfumo umegoma, niache hela na namba, atanipigia.

Usiache. Ondoka na vyote viwili.

Hili linanihusu. Msimu wangu wa pili wa kukaa pale mezani, mimi ninayewashauri wengine, nilikwenda duka moja mjini (jina lake nalihifadhi), mtandao ukawa chini, jua linazama, na baiskeli yangu imepasuka tairi. Nikaacha namba na fedha za mifuko minne. Niliporudi baada ya siku mbili nikaambiwa mfumo unaonyesha mifuko imeshachukuliwa, na kwamba labda nimeichukulia duka lingine nikasahau. Mtu anasahau mifuko minne! Nilikwenda kwa afisa kilimo wa wilaya, akafungua mfumo, akaona ni duka gani lilitoa, tarehe gani, saa ngapi. Ushahidi ulikuwepo wote, lakini barua na vikao vilikula wiki sita. Mbolea niliipata Januari, mahindi yakiwa yameshatoa mbelewele. Urea yangu ya kukuzia ikakaa stoo hadi msimu uliofuata.

Kwa hiyo nenda asubuhi mapema, mtandao unakuwa mwepesi. Na likikutokea kama langu, usianze kwa kugombana dukani. Andika tarehe, nenda kwa mtendaji, kisha kwa afisa kilimo wa wilaya. Kila mfuko unaoingizwa kwenye mfumo huacha alama, na anayeweza kuisoma yuko pale.

Nichukue mbolea ipi? Wakala anasema zote ni sawa.

Si sawa, na wakala anayesema hivyo anataka kumaliza aliyonayo.

DAP ni ya kupandia. Katika kila kilo 100 ina kilo 18 za naitrojeni na 46 za fosfeti, na fosfeti ndiyo inayosukuma mizizi mche ukiwa mchanga. Iweke kwenye shimo, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu; zikigusana mbegu huungua. Urea ni ya kukuzia, ina naitrojeni asilimia 46 na hakuna kirutubisho kingine ndani yake. CAN nayo ni ya kukuzia, ina naitrojeni pungufu lakini ina chokaa. SA ina naitrojeni asilimia 21 pamoja na salfa, na huongeza tindikali kwenye udongo, kwa hiyo usiitumie msimu baada ya msimu shamba lile lile.

Kipimo cha kijijini ni kifuniko cha soda. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari inakuwa na mashimo kama elfu tisa. Kifuniko kimoja kila shimo ndiyo mfuko mmoja wa kilo 50. Ukikuta mfuko umeisha katikati ya shamba, ama unajaza kifuniko kwa kilima, ama ekari yako ni kubwa kuliko ulivyoandikisha.

Sasa udongo wetu. Kwenye luseni, ule mchanga wa juu ya kilima, mvua moja kubwa huishusha naitrojeni chini hadi mizizi isipoifikia. Huko igawe urea mara mbili: nusu mahindi yakifika magotini, nusu wiki tatu baadaye. Kwenye mbuga, udongo mweusi unaonasa viatu, mbolea hukaa, lakini maji yakituama mahindi huwa njano hata uweke mifuko mitano. Kule panda mpunga. Na kwenye jaruba, punguza maji kwanza, mwaga urea, kisha ziba matuta ili maji yasitoke siku chache. Ukimwaga maji yakiwa yanapita, umemrutubishia aliye chini yako. Wako wanaowashukuru majirani zao wa juu bila kujua.

Popote ulipo, urea ifukie. Ikiachwa juu ya udongo wenye joto inageuka hewa. Ile harufu kali unayoisikia shambani kesho yake ni hela yako inaondoka.

Wazee wanasema mbolea ya dukani inaua ardhi.

Wazee hawakutoa neno hilo hewani. Ardhi ya luseni imelimwa vizazi na vizazi, ina mboji kidogo sana. Ukiipa urea peke yake miaka kumi mfululizo inakuwa chachu na mazao yanarudi nyuma. Lakini dawa yake haipo mbali. Sisi ni watu wa ng'ombe. Samadi imelundikana zizini hadi ndama wanazama, na shamba liko hatua mia mbili. Peleka mkokoteni wa samadi mwezi wa tisa, kisha tumia mbolea ya ruzuku juu yake. Samadi hushika maji na hushika virutubisho visishuke. Anayeweka mbolea ya dukani tu na anayeweka samadi tu, wote wawili wanavuna pungufu ya anayechanganya.

Mimi ni mkulima wa pamba. Ruzuku yangu iko wapi?

Pamba ina njia yake, na watu wengi huchanganya. Mbegu, viuatilifu na mabomba ya kupulizia hupitia Bodi ya Pamba na AMCOS, chama cha ushirika cha kijiji chako, na huendi kwa wakala wa mbolea kudai ekapaki, ile pakiti ya kiuatilifu cha ekari moja. Kuna daftari lake la wakulima wa pamba, tofauti na lile la mbolea. Uwe kwenye yote mawili kama unalima pamba na mahindi.

Mbegu ya kanda yetu ni UKM08, iliyotoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru pale Misungwi. Kabla yake tulikuwa na UK91. Mbegu hutolewa kulingana na ekari ulizoandikisha, na dirisha la kupanda ni kati ya Novemba 15 na Desemba 15. Ukichelewa, mvua hukata vitumba vikiwa bado vidogo.

Swali la kuuliza kwenye mkutano wa AMCOS, tena liulizwe mapema na jibu liandikwe kwenye muhtasari, ni hili: pembejeo za msimu huu ni bure, ni za ruzuku, au ni za mkopo utakaokatwa kwenye bei ya kilo? Kwa miaka mingi gharama za pembejeo zimekuwa zikirudi kama makato wakati wa kuuza. Mkulima anachukua ekapaki sita kwa furaha mwezi wa pili, mwezi wa sita anashangaa kwenye mizani. Makato si dhambi, pembejeo lazima ilipwe na mtu. Dhambi ni kukatwa kwa kitu ulichoambiwa umepewa.

Na kama ulipewa ekapaki tatu, saini tatu. Kuna madaftari ambayo karani huacha nafasi wazi mbele ya sahihi, idadi anaijaza baadaye. Andika idadi kwa tarakimu na kwa maneno kabla hujaweka dole gumba.

Mbegu za mahindi nazo zina ruzuku?

Ndiyo, tangu msimu wa 2024/2025 mbegu bora za mahindi ziliingizwa, na namba ni ile ile ya mkulima. Tazama lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kwenye pakiti. Mbegu isiyo na lebo usiinunue hata kwa bei ya karanga. Mbegu chotara haihifadhiwi kwa msimu ujao, ukiirudia mavuno huporomoka.

Tuko Ukerewe. Wakala wa karibu yuko ng'ambo ya maji.

Hapa sina jibu tamu. Mfuko wa ruzuku ukiupandisha meli kutoka Mwanza hadi Nansio, au kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi, nauli na kuli vinakula sehemu ya punguzo. Mkulima wa Ilemela na mkulima wa kisiwani hawalipi bei moja hata kama tangazo ni moja. Njia iliyowasaidia baadhi ya vikundi ni kukusanya namba za wanachama, kuweka oda ya pamoja, na kumwomba wakala alete mzigo hadi kijijini siku moja iliyotangazwa, kila mtu akiwepo na namba yake. Mzigo wa mifuko mia humvuta wakala, wa mifuko mitatu haumvuti. Wenzetu wa Sengerema na Buchosa angalau wamepata daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko haiozeshi tena mzigo kwenye mvua.

Shamba langu la mboga liko kando ya ziwa kabisa. Naweza kuliandikisha?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sehemu iliyomo ndani ya mita hizo usiiandikishe, na nakuomba usiitilie mbolea. Mbolea ikioshwa kuingia ziwani hulisha magugu maji na ule ukijani unaoelea, na mvuvi wa kwenu ndiye atakayenasa nyavu zake humo. Yaliyo nyuma ya mita 60, karibu mezani.

Sisi wavuvi na wafugaji tumesahauliwa?

Mbolea haiwahusu, lakini kuna milango yenu. Mwanzoni mwa 2024 hapa Mwanza ziligawiwa boti na vizimba vya kufugia samaki, kwa mkopo usio na riba. Mkopo, narudia, si zawadi. Na mwaka 2025 ilianza kampeni ya chanjo ya mifugo ambayo serikali ililipia nusu ya gharama ya ng'ombe, na kuku wakachanjwa bure. Kwa hayo muone afisa uvuvi au afisa mifugo wa kata. Mtendaji hana habari zake nyingi.

Sina fedha msimu huu. Naweza kumuuzia mtu mifuko yangu?

Hapana. Mgao umeandikwa kwa jina lako na shamba lako, na mbolea ya ruzuku kuuzwa tena ni kosa kisheria, kwako na kwa anayenunua. Najua inafanyika. Najua pia bei yake: mtu anakupa elfu kumi kwa mfuko, anaupeleka mahali anauza kwa faida mara tatu, na kwenye mfumo unaonekana wewe ndiye uliyevuna. Kama tatizo ni fedha, chukua mfuko mmoja badala ya minne na uuweke kwenye ekari moja tu, vizuri. Au ulizeni halmashauri kuhusu mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato yake, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini anzeni mwezi wa tano, maana mlolongo wake ni mrefu.

Mtoto wangu ameniambia Marekani mkulima analipwa fedha benki. Kwa nini sisi tusilipwe hivyo?

Ni kweli. Kule mkulima huenda ofisi ya kilimo ya wilaya yake, anasajili ekari na mazao, na baadhi ya malipo huingia benki bei ya zao ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa kisheria. Wapo hata wanaolipwa ili wapumzishe ardhi isilimwe. Mpango huo upo tangu 1985. Yote hayo yanawezekana kwa sababu kila shamba lina ramani na faili. Sisi bado tunabishana kama heka ni ekari.

Kuna jambo moja la kwao ningelichukua hata kesho: orodha ya waliolipwa na kiasi walicholipwa iko wazi, raia yeyote anaweza kuisoma. Hapa kijijini tungeweza kubandika kwenye mbao za matangazo majina, ekari na mifuko iliyochukuliwa, bila namba za siri wala za simu. Nimelipendekeza kwenye mkutano mara mbili. Mara ya kwanza walisema ni wazo zuri. Mara ya pili walisema karatasi zimekwisha.

Baba amefariki, na kwenye namba yake bado kuna mifuko. Naweza kuichukua?

Pole sana. Usiitumie namba yake, hata kama alikuachia yeye mwenyewe. Nenda kwa mtendaji na cheti cha kifo au barua ya mwenyekiti wa kitongoji, ili jina lifungwe. Kisha aliyekabidhiwa shamba na ukoo aandikishwe upya. Kama mmegawana, kila mmoja kwa kipande chake, na jumla isizidi ekari za marehemu. Kama ukoo haujakaa, mtendaji anaweza kuwaandikia mnaolima msimu huu bila kuingilia mirathi, kwa sababu daftari la mbolea si hati ya urithi. Njooni na jirani mmoja anayeijua mipaka ya shamba, na njooni asubuhi. Ikifika saa nane mchana kishikwambi kinakuwa kimeishiwa chaji, mnabaki na mimi na daftari langu.